Lita kwa Sekunde: Kukisoma Kibali cha Maji

Malalamiko ya wakulima kuhusu ada ya maji husomwa kwa pupa. Mkulima wa Moshi Vijijini au wa Mbarali akisimama mkutanoni akasema maji ni ya Mungu, mwenye daftari huandika kwamba wananchi hawataki kulipa, na tangu hapo mjadala huwa wa shilingi tu: ipunguzwe kiasi gani, asamehewe nani. Nadhani kauli ile inastahili msikilizaji makini zaidi. Mkulima yule amekisoma kibali cha kutumia maji kwa jicho kali kuliko waliokiandika, na anachokikataa kinaanzia kwenye umbo la karatasi yenyewe, namna inavyouelezea mto, kabla hajafika kwenye bei.

Kibali ni andiko fupi. Kina mtumiaji mmoja mwenye jina, awe mtu, kampuni au kikundi. Kina chanzo, kina matumizi yaliyoruhusiwa, kina masharti, na katikati ya yote kina kiasi. Katika mabonde ya Pangani na Rufiji, ambako mfumo wa sasa wa vibali na ada ulianza kutekelezwa kwa nguvu katika miaka ya 1990, kiasi hicho kimezoeleka kuandikwa kwa lita kwa sekunde. Kila kitu kingine karatasini kinakitegemea kipimo hiki, kwa hiyo ndicho cha kukisoma polepole.

Chukua lita 10 kwa sekunde. Kwa saa 24 ni mita za ujazo 864. Kwa mwaka mzima ni 315,360, na ada hukokotolewa kutokana na kiasi hicho kilichoandikwa. Hesabu haina kosa. Lakini ili iwe kweli shambani, lazima mto uwe na maji yale yale Aprili na Oktoba, na mkulima awe anayachukua saa nane za usiku kama anavyoyachukua saa nne za asubuhi. Sentensi ya kibali haina majira. Haina masika wala kiangazi, haina usiku. Ni sentensi iliyotungwa kwa mto usiopungua, na mito ya namna hiyo ni michache mno katika nchi yenye mvua za misimu.

Sasa weka sentensi hiyo kando ya utaratibu ilioukuta. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachagga walichimba mifongo, mifereji inayobeba maji kutoka makorongoni hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Milimani Upare kuna ndiva, malambo yanayojazwa usiku ili maji yafunguliwe asubuhi. Huko kote maji hugawanywa kwa zamu. Zamu haisemi ni lita ngapi. Inasema ni nani, siku gani, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi. Mto ukijaa, zamu ya mtu ina maji mengi. Ukipungua, ya kila mmoja hupungua pamoja na ya mwenzake. Upungufu umeshagawanywa kabla haujatokea, pasipo mtu kuitisha mkutano. Na ile ndiva, ambayo mgeni huiona kuwa dimbwi tu, imeyapa maji ya usiku kazi, yale ambayo kibali huyahesabu bila kuuliza yanakwenda wapi. Kwangu huo ni ufundi wa hali ya juu: mgao uliokabidhiwa kwa saa, ili mabadiliko ya mto yasimwonee mtu mmoja.

Hata malipo yalikuwepo. Anayesema wakulima hawa hawakuzoea kulipia maji hajawahi kuona mfereji ukizibuliwa. Kila kaya ilidaiwa mikono yake kwenye kazi ya mfereji, na asiyetokea alitozwa faini. Malipo hayo yalifanyika mahali penyewe pa kazi, na faida yake ilionekana siku hiyo hiyo maji yalipoanza kutembea. Ada ya kibali hulipwa penginepo, kwa ofisi ya bonde, na risiti inayorudi haionyeshi jiwe hata moja lililoinuliwa. Mlipaji anaposema haoni alicholipia, anasema kweli kuhusu karatasi aliyoishika.

Umbo la kibali lina umri. Tanganyika ilipata sheria yake ya maji ya kikoloni mwaka 1923, na hati zilizoandikishwa chini ya sheria za wakati ule ziliwafaa kwanza walowezi na mashamba yao makubwa. Sheria Na. 42 ya 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri. Sheria Na. 11 ya 2009 inasema maji ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Lugha ya juu imebadilika sana, kutoka mlowezi hadi mwananchi. Kibali chenyewe kimebaki na uti wa mgongo ule ule: jina moja, chanzo kimoja, kiasi kimoja.

Athari ya umbo hili inaonekana vizuri kwenye banio, kizuizi kinachoyaelekeza maji ya mto mferejini. Banio la asili hujengwa kwa mawe, magogo na majani. Huvuja. Mafuriko hulibomoa na watu hulijenga tena. Kuvuja huko ndiko kulikompa jirani wa chini maji yake. Mradi wa usimamizi wa mabonde na umwagiliaji wa wakulima wadogo ulioanza mwaka 1996 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulileta vibali na mabanio ya zege kwa pamoja, na vinafanana kama vile vilichorwa na kalamu moja. Lango la chuma hupimwa ili lipitishe kiasi kilichoandikwa wakati mto umejaa. Kiangazi, lango lile lile likiachwa wazi linaweza kuumeza mto mzima, na aliye juu hajavunja chochote kilichoandikwa. Watafiti waliofanya kazi Usangu, tambarare ya Mbarali katika bonde la Rufiji, walikutana na wakulima wa juu wakijitetea hivyo hasa: tumelipa, maji ni yetu. Ada iliyotungwa kuwafundisha watu kubana matumizi ikawapa hoja ya kutofunga lango.

Chini ya Usangu, mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuanzia mwaka 1993. Sababu zake ni nyingi na zinabishaniwa, na sitakibebesha kibali mzigo wote. Nasema tu kwamba chombo kilichopewa kazi ya kuulinda mto huo hakikuwa na neno la kusema kuhusu miezi ambayo mto ulikuwa unakufa.

Siitetei zamu kana kwamba haina lawama. Inasikika hadi mwisho wa mfereji, haifiki mbali zaidi. Hakuna zamu ya Usangu iliyowahi kumfikiria kiboko wa hifadhini, wala mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu iliyo chini zaidi kwenye mto ule ule. Mara nyingi wanawake waliwekwa nje ya mabaraza yaliyoipanga, ilhali wao ndio waliochota na kulima. Waliohamia baadaye walipewa saa za usiku au hawakupewa kitu. Kibali, kwa ukavu wake wote, kinaweza kumwona mtu asiyejulikana mferejini. Na Sheria ya 2009 ilifanya jambo ambalo mila ya mfereji mmoja isingeweza: iliyatanguliza mahitaji ya binadamu ya nyumbani, na nyuma yake ikayapa mazingira ya mto fungu lao kabla ya shamba, kiwanda na turbini.

Sheria hiyo pia inazitambua haki za maji za kimila, na inazipa hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa kibali. Halafu inafungua njia ya kuziandikisha katika rejista. Hapa ndipo ninapoona tatizo kuu la kiuandishi. Haki inatambuliwa jinsi ilivyo, kisha inatakiwa ipite kwenye safu za fomu: mwenye haki ni nani, kiasi gani. Zamu haina kiasi. Mwenye haki ni mfereji mzima, pamoja na watakaozaliwa. Ikishajazwa katika safu hizo, kinachobaki rejistani ni kibali cha kawaida kilichopewa jina la mila, na saa zake zimepotea.

Jumuiya za watumia maji zinazotambuliwa na sheria hiyo zingeweza kuziba pengo hili kama karatasi ingeziruhusu. Wahandisi waliofanya kazi kwenye vijito vya Mkoji, Mbeya, walishapendekeza namna: masika, kiasi chenye kikomo kama ilivyo sasa; kiangazi, sehemu ya mto uliopo, yaani fungu badala ya lita, ligawanywe na jumuiya kwa saa zake wenyewe. Kibali cha namna hiyo kingekuwa na sentensi mbili mahali pa moja, na banio lingejengwa kuzifuata zote mbili. Ada nayo ingehesabiwa mara mbili, na kwenye risiti ya kiangazi bodi ya bonde ingelazimika kuandika mto ulikuwa na maji kiasi gani mwezi ule na fedha ya mlipaji ilifanya nini juu yake. Mkulima angekuwa na kitu cha kukibishia kwa tarakimu, na mwenye daftari asingeweza tena kuandika kwamba watu hawataki kulipa.