Usagara au Kahama? Siri ya Jibu la Papo kwa Papo

Mjamzito akipatwa na dharura, ndugu zake hupiga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa Tanzania nzima 2022. Anayepokea simu hutaka kujua gari lipi litafika kwanza. Magari yakiwa kumi, ramani inaulizwa mara kumi, na mgonjwa anasubiri.

Njia ya mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra, iliyochapishwa 1959, hulijibu swali hilo kwa usahihi, ila hutapakaa pande zote. Ukiuliza safari ya Katoro kwenda Maganzo, yaani kutoka kwenye dhahabu hadi kwenye almasi, itachungulia hadi Chato ambako huendi. Kwa swali moja haina neno. Yakija maelfu kwa wakati mmoja, seva inaelemewa.

Mwaka 2002 Edith Cohen na wenzake walipendekeza kazi ifanywe mapema. Safari ndefu hupitia makutano machache, yaani vitovu; hiyo ya Katoro kwa kawaida hushika Usagara au Kahama. Basi kila mahali pahifadhiwe orodha fupi ya umbali hadi vitovu vyake. Kwa tarakimu za mfano, Katoro ina Usagara dakika 130 na Kahama 190. Maganzo ina Usagara 100 na Kahama 130. Kompyuta inajumlisha kwa kila kitovu kilichomo katika orodha zote mbili: 230 dhidi ya 320. Inachukua ndogo, imemaliza. Barabara yenyewe haijaguswa.

Ugumu uko kwenye kuzifanya orodha ziwe fupi. Wajapani watatu, Akiba, Iwata na Yoshida, waliupunguza 2013 kwa mbinu ninayoipenda kwa wepesi wake: anza na kitovu kikubwa kuliko vyote, sambaa kutoka hapo, kisha nenda kwa kinachofuata. Kila ukifika mahali ambapo orodha zilizokwisha kuandikwa zinatoa umbali uleule au mfupi zaidi, usiandike kitu, wala usiendelee mbele ya hapo.

Lakini faharasa, yaani orodha hizo zote kwa pamoja, hukumbuka dunia ya siku ilipojengwa. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 19, 2025, gari la kwenda Usagara lilisubiri kivuko Busisi. Ongeza dakika 115 za foleni na kuvuka, Usagara inakuwa 345, na Kahama inashinda. Faharasa ya enzi za kivuko ingeendelea kukuzungusha Kahama, kwa kasi ya ajabu.

Ndiyo maana OSRM, programu huria ya kutafuta njia, ina mbinu mbili. Moja hujibu haraka zaidi, lakini muda wa kupita barabara ukibadilika, maandalizi mazito hurudiwa. Nyingine hugawa ramani katika vipande mapema, na muda ukibadilika hukokotoa upya juu ya vipande vilevile. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako mvua ya usiku mmoja huifunga barabara ya vumbi, ningechagua ya pili hata kama kila jibu linachelewa milisekunde kadhaa.