Mwenye Macho Haambiwi Tazama? Juu ya Daftari la Michoro la Paul Klee na Watazamaji Wake

Wako watu wanenao kwamba picha njema haihitaji maelezo, nao hutoa mithali ya wazee: Mwenye macho haambiwi tazama. Wako na wengine wanenao kwamba picha za dhahania, yaani zile zisizo na sura ya mtu wala ya mti wala ya nyumba, hazifai kuelezwa, kwa kuwa hazina neno ndani yake. Makundi haya mawili hayapatani, walakini hufika mahali pamoja: yote mawili humwacha mtazamaji peke yake mbele ya picha. Sisi twaona kwamba jambo hili lawahusu waalimu na mapadre kuliko wanavyodhani wenyewe, maana kazi yao ya kila siku ni kusimama baina ya neno na watu. Kwa hiyo tumekusudia kupima hapa kitabu kidogo cha mchoraji mmoja mashuhuri, pamoja na maneno aliyonena juu ya watazamaji wake.

Paul Klee alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Münchenbuchsee, karibu na Bern, katika nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa muziki. Mama yake alikuwa Mswisi, mwimbaji. Yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kupiga fidla kabla hajachagua kalamu na rangi. Tangu mwaka 1921 hata mwaka 1931 alifundisha katika shule ya ufundi iliyoitwa Bauhaus, kwanza katika mji wa Weimar, kisha Dessau. Mwaka 1925 shule hiyo ilitoa kitabu chake kiitwacho Pädagogisches Skizzenbuch, maana yake daftari la michoro la kufundishia. Chapa yake moja ya Kiingereza ilitoka mwaka 1953. Si kweli kwamba kila picha ya Klee haina sura ya kitu. Nyingi zina samaki, ndege, nyumba na nyuso. Alisimama mpakani, na kwa sababu hiyo maneno yake yafaa kusikilizwa na watu wa pande zote mbili.

Kitabu chenyewe ni chembamba, maneno machache na michoro mingi. Chaanza na mstari mmoja usiokimbilia mahali. Watembea tu, kama mtu aliyetoka jioni kunyosha miguu. Halafu waja mstari wenye haraka, unaopita toka nukta hata nukta kama tarishi mwenye barua. Kisha mstari hujifunga ukawa duara au mraba, hata jicho likaacha kuuona mstari likauona uwanja uliomo ndani. Mbele zaidi msomaji hukutana na timazi ya mwashi, na gurudumu la maji, na pia inayozunguka, na reli mbili zinazoonekana kukaribiana kwa mbali, na mtu aendaye juu ya kamba ameshika mti wa kujisawazisha. Tena yuko mshale. Klee asema kwamba asili ya mshale ni fikira ya mtu atamaniye kufika mbali kuliko mwili wake unavyomruhusu. Akili yake yapima mbingu na nchi, na miguu yake imefungwa chini.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba hakimfundishi mwanafunzi achore nini. Chamfundisha kitu hufanya nini: chaanguka, chapanda, chasimama, chavutwa. Nasi tulipenda kujua kama mambo haya ni ya wenye elimu ya Ulaya tu. Tukachora ubaoni mbele ya watoto wa shule mistari miwili, mmoja wa kutembea, mmoja wa haraka, bila kueleza neno, tukauliza ni upi uliochelewa shule. Wote walionyesha mmoja, wala hakuna aliyekosa. Hapo tukaamini kwamba mstari mtupu una usemi wake, nao haujifunzwi kwa vitabu.

Walakini haitupasi kuficha kasoro. Daftari hili ni mifupa ya masomo, si mwili wake. Wanafunzi wa Klee walimsikia akieleza siku baada ya siku, na michoro ile ikawakumbusha waliyoyasikia. Msomaji wa leo ni kama mtu aliyeingia darasani baada ya mwalimu kutoka. Aona ubao umejaa alama, na sauti haipo. Maandiko yake ya kufundishia yaliyobaki, ambayo yamehifadhiwa katika Zentrum Paul Klee, nyumba iliyofunguliwa Bern mwaka 2005, yapata kurasa 3,900. Kitabu kilichochapwa ni kikapu kimoja kilichotolewa katika shamba kubwa. Basi mtu akikisoma asikielewe, asijihukumu upesi kuwa mjinga, wala asimhukumu mwandishi kuwa mwongo.

Maelezo yaliyo wazi zaidi twayapata katika hotuba aliyoitoa katika mji wa Jena tarehe 26 Januari 1924, picha zake zikiwa zimetundikwa pale pale. Haikuchapwa hata mwaka 1945, naye amekwisha kufa. Katika hotuba hiyo Klee alimfananisha mchoraji na shina la mti. Nguvu hutoka mizizini, hupita shinani, huenda matawini. Wala hakuna mtu mwenye akili adaiye kwamba matawi yawe na sura ile ile ya mizizi. Kadhalika, alisema, picha haina deni la kufanana na vitu ambavyo mchoraji aliviona. Tena alimtaja kwa mzaha mtazamaji alalamikaye kwamba picha haifanani kabisa na mjomba wake. Mchoraji alikuwa akisawazisha uzito wa mistari na rangi, na huyu mtu amtafuta mjomba! Klee hakukataa kwamba sura ya kitu yaweza kujitokeza katikati ya kazi. Ikijitokeza na kufaa, mchoraji aipokea na kuipa jina. Lakini jina laja baada ya kazi.

Neno hilo la jina litawafahamikia upesi wasomaji wa pwani. Kanga ina pindo lake, ina mji wake, ina na jina lake lililoandikwa chini. Jina lile huongeza utamu, na pengine fitina; walakini hakuna mwanamke aulizaye jinsi nakshi ya mji inavyofanana na maneno ya jina. Vyote viwili vyakaa katika nguo moja na kusaidiana. Klee naye alikuwa na desturi ya kuandika jina chini ya picha zake, na mtu akilisoma kama asomavyo jina la kanga, hatapotea sana.

Mwishoni mwa hotuba ile sauti yake yabadilika. Aungama kwamba yeye na wenzake wamepata sehemu za kazi kubwa, bali hawajapata kazi nzima, kwa kuwa hawana watu wa kuwabeba. Walikuwa wakiwatafuta watu hao, na shule yao ilikuwa mwanzo wa kuwatafuta. Maneno haya yatuchoma, maana ni maneno ya mtu apendaye watu, si ya mtu awadharauye. Lakini hapa ndipo tumwulizapo swali. Mti wake una mizizi, una shina, una matawi. Je, yu wapi aketiye kivulini? Katika mfano ule mtazamaji hakupewa mahali pake, isipokuwa kama mlalamikaji. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza, hakuikana karama ya lugha. Alitaka awepo mfasiri, kusudi kanisa lijengwe. Twadhani kanuni hiyo yafaa na hapa. Mchoraji asiyefasiriwa aweza kuwa na karama ya kweli, na watu wakaondoka hivyo hivyo walivyokuja.

Wengine watatujibu kwamba watu wetu hawakuzoea picha za namna hiyo, na mfasiri atajisumbua bure. Sisi hatukubali. Mkeka wa miyaa iliyotiwa rangi ni nini, kama si kazi ya mistari na uwanja na rangi? Msukaji ahesabu miyaa yake, asuka ukili, ashona ukili kwa ukili, na mnunuzi auangalia kwa jicho kali: je, nakshi imekwenda sawa, rangi zapatana, upande huu haukuulemea ule? Milango ya Lamu na Unguja nayo imejaa nakshi ambazo wenyeji huzisifu au kuzitoa makosa kwa ujuzi mwingi. Hakuna aulizaye ukili, "Wewe ni mfano wa nini?" Lakini mtu yule yule, akiona mistari na rangi zimewekwa katika fremu na kutundikwa ukutani, alibadili swali lake, atafuta mjomba. Basi kosa si la jicho, ni la swali.

Hatusemi kwamba Klee aliiga mikeka yetu. Hakufika pwani hii. Bara la Afrika alilifikia upande wa kaskazini. Mwezi wa Aprili 1914 alisafiri Tunisia pamoja na wachoraji August Macke na Louis Moilliet, na katika mji wa Kairouan aliandika katika kumbukumbu zake kwamba sasa rangi imemshika, naye ajijua kuwa mchoraji. Mwisho wa mwaka 1928 alikwenda Misri, na mwaka 1929 akafanya picha iitwayo Hauptweg und Nebenwege, yaani njia kuu na njia za kando, ambayo imo katika Museum Ludwig mjini Köln. Njia moja yapanda katikati kwa vidato, ikizidi kuwa nyembamba, na kando zake vipande vingi vya rangi vyapindana na kugawanyika, na juu kabisa mna mikanda ya buluu. Aliyeona mashamba yaliyogawanywa kwa mifereji ataikaribia picha hii bila hofu. Wala hana haja ya kusema, "Hii ni Misri". Yatosha aone jinsi njia iliyonyoka ipatavyo nguvu kwa sababu zile za kando hazikunyoka.

Imebaki habari ya huzuni, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimwondoa Klee katika kazi yake ya ualimu mjini Düsseldorf, naye akarudi Bern. Mwaka 1937 serikali hiyo ilikusanya kazi zipatazo 650 kutoka nyumba za hazina za nchi, ikazionyesha mjini München ili zichekwe, na 17 miongoni mwake zilikuwa za Klee. Kazi zake 102 zilinyang'anywa. Mojawapo, Zwitscher-Maschine ya mwaka 1922, iliuzwa nje na kufika New York. Huko München ukutani paliandikwa maneno ya dhihaka. Watu zaidi ya 2,000,000 waliingia kutazama. Katika Jena Klee alilia kwamba hana watu. Sasa watu walikuja kwa wingi kuliko alivyoweza kutumaini, na mfasiri alikuwapo, kaandika ukutani kwa herufi kubwa. Hawakukosa kufasiriwa, bali walifasiriwa na adui.

Hapo ndipo mithali tuliyoanza nayo inapotuwia nzito. Mwenye macho huambiwa tazama, tena huambiwa mapema, kabla hajaambiwa cheka. Hatusemi kwamba kila asiyependa picha hizi ni ndugu wa wale wenye dhihaka. Mtu akiisha kutazama kwa haki, ana ruhusa ya kukataa. Tena ziko picha zilizo tupu kweli, na wachoraji wajifichao nyuma ya neno dhahania kama fundi mbovu ajifichavyo nyuma ya rangi. Mkeka uliosukwa vibaya hufumuka, na picha iliyosukwa vibaya hufumuka vile vile mbele ya jicho lililofundishwa.

Shauri letu kwa waalimu ni fupi. Mtoto akileta karatasi yenye mistari mitupu, usianze kwa kumwuliza, "Hii ni nini?" Mwulize mstari huu wakwenda wapi, na kwa nini umeuweka huu mzito na ule mwembamba, na ukiuondoa huu kitabaki nini. Asipokuwa na jibu, hapo ndipo pa kumwambia kwamba kazi haijaisha. Maswali hayo yamo yote katika daftari la Klee, na hayahitaji fedha wala rangi za dukani, chaki yatosha. Na mapadre, watakapoletewa nakshi kwa ajili ya altare au mlango wa kanisa, wamwite msukaji au mchongaji aseme nao kabla wazee wa kanisa hawajapiga kura.

Klee alikufa tarehe 29 Juni 1940 huko Muralto, katika Uswisi alimozaliwa, pasipo kupewa uraia wake. Ugonjwa ulikuwa umeikaza ngozi yake kwa miaka mitano. Hata hivyo katika mwaka 1939 peke yake aliandika katika orodha yake kazi 1,253. Hatujui kazi nyingine yenye bidii namna hii iliyofanywa na mtu aliyesema kwamba hana watu wa kumbeba. Wale wasomao daftari lake leo, na kulijaribu ubaoni mbele ya watoto, wamekuwa sehemu ya watu hao, ijapokuwa wamechelewa.