Red Hill: Pampu Iliyoachwa Ikivuta

Video ya handaki la Red Hill, ghala la mafuta la Jeshi la Wanamaji la Marekani, imeshatazamwa na kila anayefuatilia mambo haya: mafuta ya ndege ya JP-5 yakitoka kwa nguvu kwenye bomba la juu, Novemba 20, 2021, kisiwani Oahu, Hawaii. Tangu hapo mabishano mengi yamekuwa juu ya vali ya bomba hilo, iliyogongwa na kuyaachia mafuta. Vali si kitu. Kosa lisilo na utetezi ni kuiacha pampu ya kisima cha Red Hill ikisukuma maji majumbani hadi jioni ya Novemba 28.

Siku nane! Kisima hicho kimeunganishwa na mahandaki yaleyale, na kinavuta maji kwenye mwamba wa volkano uliojaa nyufa na matundu. Kila mpima maji anajua kisima kinachovuta huwafanyia nini majirani zake: kinashusha kina cha maji, kinageuza mteremko, na chochote kilichomo ndani ya eneo la mvuto kinaanza safari ya kukifuata. Mafuta yakishatapakaa kwenye sakafu ya handaki la namna hiyo, mchunguzi hangoji sampuli imthibitishie kwamba yamefika. Anachukulia kuwa yako njiani, anakitenga kisima, ndipo anapeleka chupa maabara. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipindua mpangilio huo, na vipimo vya kwanza vikawa pua za wananchi waliofungua mabomba jikoni. Mtandao huo ulikuwa unahudumia watu wapatao 93,000.

Wala haikuwa lazima kuchagua kati ya pampu na kiu. Jeshi lilikuwa na kisima kingine, Waiawa. Na kukitenga kisima hakumaanishi kukizima: mwishoni mwa Januari 2022 pampu ya Red Hill iliwashwa tena, maji yakachujwa kwa makaa na kumwagwa katika Kijito cha Halawa, ili mvuto uleule uuzuie uchafu usisambae. Kazi nzuri, iliyofanywa miezi miwili baadaye.

Kuchukua hatua kabla ya uthibitisho wa maabara si jambo jipya. Septemba 1854, London, daktari John Snow aliwashawishi viongozi wa parokia ya St James waondoe mkono wa pampu ya Broad Street. Hakuwa na maabara ya kumwonyesha kijidudu cha kipindupindu. Alikuwa na orodha ya waliokufa na majibu ya wafiwa kuhusu maji waliyokunywa, na hayo yakamtosha kuchukua hatua. Wakubwa wa Red Hill walikuwa na mafuta yanayoonekana kwa macho.

Safu hii imelalamika miaka mingi kwamba hesabu ya tangi, yaani kulinganisha mafuta yaliyoingia na yaliyotoka, inadharauliwa, na Red Hill inaurudisha ugomvi huo. Matangi yale 20, kila moja la galoni milioni 12.5, yalijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, takriban futi 100 juu ya maji ya ardhini. Januari 2014 Tangi namba 5 lilivuja galoni zipatazo 27,000. Onyo kubwa kuliko hilo ni lipi? Kisha Mei 6, 2021, bomba likapasuka wakati wa kuhamisha mafuta, na vipimo vikaonyesha upungufu wa galoni karibu 20,000. Taarifa rasmi ikataja kiasi kidogo sana, na pengo likaachwa.

Agizo la Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin, Machi 2022, la kuyaondoa mafuta na kuyafunga matangi lilikuwa sahihi. Visima vya uangalizi navyo vimeongezwa. Lakini anayejifunza uchunguzi wa uchafuzi aanzie na lile pengo la Mei, kabla hajashika kekee wala chupa ya sampuli. Mafuta yaliyokosekana yalikuwa yamenyonywa na kuingia kwenye bomba la plastiki la mfumo wa povu la kuzimia moto, yakakaa humo miezi sita hadi bomba likalegea kwa uzito. Ndiyo hayohayo yaliyomwagika Novemba. Mtu mmoja mwenye daftari la hesabu na ramani ya mabomba angeyapata yangali ndani ya bomba, hata tone moja halijagusa mwamba.