Fowadi Aliyejua Kupasi: Kazi ya James Graham

Katika raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, timu yenye mpira ina nafasi sita tu za kukabwa. Ikiangushwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Basi nafasi za mwanzo, timu inapokuwa imebanwa karibu na mstari wake yenyewe, huachiwa mafowadi wa mbele wajitose ndani ya ukuta wa watu. Ni kazi isiyoonekana sana kwenye marudio ya televisheni. Mimi naiona ndiyo kiini cha mchezo, na katika kizazi chake sikuona aliyeifanya kwa akili kuliko James Graham.

Mtazame akibeba mpira. Anaupokea kasi ikiwa imeshakolea, si akiwa amesimama. Hatua ya mwisho anahamisha mguu kidogo, ili akutane na bega moja la mlinzi badala ya kifua kizima. Wanamkumba watatu: mmoja chini kwenye miguu, wawili juu, na nia yao ni kumlaza chali. Akilala chali itambidi ageuke ndipo ainuke, na wakati huo walinzi watakuwa wamesharudi mita 10 kama sheria inavyotaka, wamejipanga, wanangoja. Kwa hiyo hata akiwa hewani Graham anapigania namna ya kuanguka. Anataka atue kifudifudi, viwiko na magoti yakitangulia. Hapo anainuka, anaweka mpira chini mbele ya mguu, anausukuma nyuma kwa unyayo, na mwenzake ameshaudaka. Amewapora walinzi sekunde moja hivi. Lakini sekunde hiyo inawakuta bado wanarudi kinyumenyume, na nafasi mbili baadaye winga anapita pembeni peke yake na uwanja mzima unamshangilia winga.

Wapo mafowadi wengi walioijua kazi hiyo. Kilichomtofautisha Graham ni pasi. Alizaliwa mwaka 1985 huko Maghull, karibu na Liverpool, akaanza kuchezea klabu ya St Helens mwaka 2003, na mwaka 2008 akatunukiwa Man of Steel, tuzo ya mchezaji bora wa ligi kuu ya Uingereza. Mwaka 2012 alihamia Canterbury-Bankstown Bulldogs ya Sydney, na huko kocha Des Hasler akawapa mafowadi wake ruhusa ambayo kwa kawaida huwa ya viungo: wachezeshe timu. Graham alikuwa akiufikia ukuta, mpira ameushika kwa mikono miwili mbele ya kifua, macho hayasemi lolote. Walinzi wanajikaza kwa ajili ya kishindo. Wakishajikaza, mpira unatoka vidoleni mwake kwenda kwa mwenzake anayekata kwa ndani, au unapita nyuma ya mgongo wa fowadi wa pili hadi kwa kiungo. Wakikutana tena mlinzi huyo huyo anakumbuka, anasita, na safari hii Graham hapasi; anampitia. Ukiwa na kilo zaidi ya 100 na bado mlinzi hajui utafanya nini, umeshinda nusu ya pambano kabla hamjagusana.

Sisi wa Afrika Mashariki raga tumeipenda zaidi kupitia Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, na ile siku ya mwaka 2016 walipoichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya mashindano ya Singapore. Raga ya wachezaji saba ni ya uwanja mpana na mbio. Ukitoka huko, raga ya ligi inaweza kuonekana nzito mwanzoni. Vumilia. Ni mchezo uliozaliwa Huddersfield mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga zikitaka wachezaji wao, wengi wao wafanyakazi wa migodini na viwandani, walipwe fidia ya ujira wanaoukosa wakienda kucheza. Heshima kwa mtu wa kazi imo tangu mwanzo.

Fainali mara nyingi hazikumpendelea Graham. St Helens ilishindwa fainali tano mfululizo za ligi kuu, kuanzia 2007 hadi 2011, akiwa mchezaji wake. Bulldogs wakashindwa mwaka 2012 na tena 2014. Mwaka 2017 Uingereza ilipoteza Kombe la Dunia kwa Australia 6-0 mjini Brisbane, naye alikuwa uwanjani. Mwili nao ulilipa. Katika fainali ya 2014, kwenye ubebaji wa kwanza kabisa, kichwa chake kiligongana na cha Sam Burgess wa South Sydney. Burgess alivunjika mfupa wa shavu na akacheza hadi mwisho. Tangu astaafu Graham amesema hadharani, bila kuficha, kuhusu vipigo vya kichwa na hofu ya vilichoacha. Anayempenda fowadi anapaswa kulisikia na hilo pia.

Mwaka 2020, baada ya misimu kadhaa na klabu nyingine ya Australia, St George Illawarra, alirudi St Helens. Fainali ya ligi kuu ilichezwa Hull tarehe 27 Novemba, bila watazamaji kwa sababu ya korona. Hadi honi ya mwisho inalia ilikuwa 4-4 dhidi ya Wigan. Teke la Tommy Makinson wa St Helens likagonga nguzo ya goli, mwenzake Jack Welsby akauwahi mpira na kufunga trai. Ikawa 8-4. Graham alikuwa na miaka 35, na hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho.