Maji Safi, Uchakavu na Kugeuza: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Kutunza Mnyororo wa Nanga

Istilahi haipimwi kwa sura yake katika orodha, bali kwa kazi inayofanywa na mkono wa yule aliyeisoma. Kipimo hiki huwa kikali zaidi katika maandishi ya ufundi, kwani humo kosa la mfasiri haliishii kwenye karatasi. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja dogo kwa kipimo hicho, nalo ni maelekezo ya kutunza mnyororo wa nanga ili udumu.

Maelekezo ya namna hii aghalabu huandikwa na watu wa bahari kwa ajili ya maji ya chumvi. Yakiisha kufasiriwa, husomwa pia na watu wa maji ya bara. Tutazame wilaya za Ngara na Biharamulo katika mkoa wa Kagera. Ngara ina mto Ruvubu, unaokutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na watu wa huko wamezoea kuvushwa kwa mitumbwi na kivuko. Biharamulo imepakana na ziwa Burigi. Tena, kabla ya kumegwa ikazaliwa wilaya ya Chato, ambayo tangu 2012 imo katika mkoa wa Geita, ilifika hadi ufuko wa Ziwa Viktoria na bandari ya Nyamirembe. Kwa hiyo karani, mwalimu na mwendesha kivuko wa pande hizo wana haja ya kweli na maneno haya, ila bahari hawakai nayo.

Hebu tuchukue sentensi tatu. Nimezitunga kwa mfano tu, nikifuata desturi ya kufasiri neno kwa neno: “Osha mnyororo kwa maji safi kila unapopandishwa. Chunguza uchakavu mara kwa mara. Geuza mnyororo kila mwaka.” Sarufi yake haina dosari, na mkaguzi wa lugha aliye ofisini angeweza kuzipitisha. Hata hivyo kila moja inampotosha msomaji.

Tuanze na maji safi. Mwandishi wa asili alikuwa na maana ya maji yasiyo na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo ikibaki juu ya chuma huvuta unyevu na kuharakisha kutu, ndiyo maana baharia huambiwa aiondoe. Lakini msomaji wa Kiswahili anaposikia “maji safi” hafikirii chumvi, anafikiria uchafu. Mtu wa ziwani atayatazama maji yaliyo chini ya chombo chake, ataona si safi, na atafanya moja kati ya mambo mawili: ataagiza maji ya bomba, au ataacha kuosha kabisa kwa kuwa maji ya bomba hayapo. Hili la pili ndilo lenye hasara. Adui wa mnyororo ziwani na mtoni si chumvi, bali ni matope. Matope meusi yenye harufu ya mayai yaliyooza hayana hewa, na ndani yake huishi bakteria ambao husababisha chuma kulika. Mnyororo ukirudishwa sandukuni na matope yake, huendelea kuharibika hata wakati chombo kimepumzika. Maji ya ziwa yenyewe, yakimwagwa kwa nguvu wakati mnyororo unapanda, yangetosha kabisa kuondoa matope hayo.

Wapo watakaosema kwamba tunalo tayari neno “maji baridi”, ambalo idara za uvuvi hulitumia kwa samaki wa mito na maziwa. Neno hilo ni halali na tusilifute. Lakini katika sentensi ya amri halifai: mtu akiambiwa aoshe kitu kwa maji baridi, ataelewa kwamba asiyachemshe. “Maji matamu” ya watu wa pwani ni bora kidogo, ila kwa mwanafunzi wa bara huleta fikra ya sukari. Hapa maelezo ya wazi yanashinda istilahi: “maji yasiyo na chumvi”. Nayo maelekezo ya ziwani yaseme tu: “Osha matope yote kwa maji ya ziwa wakati mnyororo unapanda, kisha uache ukauke kabla ya kulifunga sanduku.”

Neno la pili ni uchakavu. Neno hili ni pana mno. Nguo huchakaa, nyumba huchakaa, hata gari huchakaa. Mnyororo, kwa upande wake, hupatwa na madhara mawili yaliyo mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni kutu. Dawa yake ni kuosha, kukausha, na kuchovywa upya katika zinki iliyoyeyushwa, kazi ambayo hufanywa kiwandani katika joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. La pili ni kulika kwa kusuguana, pete kwa pete na pete kwa mchanga. Ziwani upepo hubadilika: usiku huvuma kutoka nchi kavu, mchana kutoka majini. Chombo kilichotia nanga huzunguka nao, na sehemu ya mnyororo iliyolala chini huburutwa huku na huko. Zinki haizuii msuguano huo. Yenyewe ndiyo hutangulia kulika. Mtu aliyesoma “uchakavu” peke yake hupaka rangi, huona mnyororo unang'aa, na hudhani ameutibu. Pengine rangi hiyo ndiyo itakayoficha ufa.

Kiswahili hakina upungufu wowote hapa. Chuma hushika kutu, na chuma hulika. Tuseme basi “kutu” na “ulikaji wa msuguano”, na uchakavu tuuache uwe jina la jumla.

Kuna shida nyingine imejificha katika sentensi hiyo hiyo: haisemi mtu achunguze nini. Vyama vya kimataifa vya kukagua meli vina kanuni kwamba mnyororo ubadilishwe ikiwa wastani wa kipenyo cha chuma cha pete, pale palipolika zaidi, umepungua kwa zaidi ya asilimia 12. Mfasiri akiandika “ukubwa wa pete”, ameharibu kanuni yote. Pete inayolika kwenye ncha zake huzidi kurefuka. Aliyepima urefu wake ataiona imekua, na ataandika katika taarifa kwamba mnyororo ni mzima! Kinachopimwa ni unene wa chuma, mahali pete mbili zinapogusana. Hesabu yake ni ya darasani: chuma cha milimita 10 kikibaki milimita 9, eneo la mkato wake limebaki asilimia 81, maana yake karibu sehemu moja ya tano ya nguvu imekwenda. Walimu wa hisabati wanaweza kuutumia mfano huu kutenganisha kipenyo na eneo.

Neno la tatu ni kugeuza. Kitu hugeuzwa juu chini, ndani nje, mbele nyuma. Mtu naye hugeuza mawazo. Mwandishi alikusudia jambo moja tu. Kwa kuwa upande wa nangani ndio unaosuguliwa chini na upande wa chomboni hubaki karibu mpya, ncha hizo zibadilishane mahali, ili mnyororo wote ulike kwa usawa. Huu ndio ushauri wenye faida kubwa kuliko yote kwa mwenye fedha chache, kwani hauhitaji kununua chochote. Lakini aliyeambiwa “geuza” atauviringisha mnyororo sitahani na kuurudisha ulivyokuwa. Iandikwe: “Badilisha ncha: iliyokuwa nangani ifungwe chomboni, na iliyokuwa chomboni ifungwe nangani.” Sentensi ni ndefu, lakini haina njia ya pili ya kueleweka.

Yapasa pia tuseme neno juu ya amari. Kamusi zetu za Kiswahili zinalo neno hili kwa maana ya kamba ya nanga. Bara halisikiki, na baadhi ya wenzetu wangependa liachwe kwa mabaharia wa pwani. Mimi naona lina kazi. Vyombo vidogo havitumii mnyororo mtupu. Hufunga mnyororo mfupi karibu na nanga, kisha kamba ndefu. Kitu hicho kizima, kamba na mnyororo pamoja, kinahitaji jina moja, na “kamba ya nanga” si jina hilo. Tena Kagera maneno hayo yana utatanishi wake. Enanga ni zeze la Wahaya, na inanga ni ndugu yake kwa Warundi na Wanyarwanda. Mtoto wa Ngara akisikia habari za kamba ya nanga anaweza kufikiria nyuzi za muziki. Amari ibaki, lakini ifundishwe kwa maelezo mara ya kwanza inapotumika. Na mvuvi mwenye jiwe na kamba asilazimishwe kusoma habari za zinki: yeye aandikiwe maelekezo yake.

Nimesikia hoja kwamba fundi anaijua kazi yake, hivyo hatapotezwa na karatasi. Hoja hii ina ukweli nusu. Fundi mzoefu hasomi. Anayesoma ni kijana aliyeajiriwa jana, mtunza stoo, na ofisa anayeidhinisha ununuzi. Taarifa ikimfikia ofisa na maneno “mnyororo umechakaa”, hana njia ya kujua kama aharakishe au angoje mwaka mwingine wa fedha. Ikimfikia na maneno “unene umepungua kwa asilimia 15 kwenye ncha ya nangani”, anajua la kufanya kabla ya usiku wa dhoruba.

Kwa hiyo napendekeza istilahi hizi zijadiliwe:

Amari: kitu kizima kinachounganisha nanga na chombo, kiwe kamba, mnyororo, au vyote viwili.

Mnyororo wa nanga: sehemu ya amari iliyo ya chuma. “Cheni” ikubaliwe katika maelekezo ya mafundi, kwa kuwa ndilo neno wanalolitumia.

Pete: chuma kimoja kimoja cha mnyororo. “Kiungo” kiachwe kwa mahali panapounganishwa vitu viwili.

Kifungo cha skrubu: chuma cha kufungia mnyororo kwenye nanga. Skrubu yake ikazwe kwa waya isijifungue.

Unene wa pete: kipenyo cha chuma chenyewe, si urefu wala upana wa pete.

Ulikaji wa msuguano: kupungua kwa unene kwa kusuguana.

Kubadilisha ncha: kuhamisha ncha ya nangani iwe ya chomboni, na ya chomboni iwe ya nangani.

Kabla ya orodha hii kufikishwa mbele ya kamati, yafaa isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wa kivuko, nao waulizwe jambo moja tu: watafanya nini baada ya kuisikia. Wakijibu tofauti na tulivyokusudia, neno ndilo litakalobadilishwa. Walimu na watumishi wa Ngara na Biharamulo wanaoyajua majina mengine ya vitu hivi, kwa Kiswahili cha huko au kwa Kihangaza, Kisubi na Kizinza, wanaombwa wayaandike pamoja na kazi ya kila kitu, kwani jina lisiloelezwa kazi yake haliwezi kuamuliwa.