Nani Atakiendeleza? Uhakiki wa Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya nimechagua kuhakiki maandishi ya aina nyingine, yaani ibara moja ya sheria. Ni ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Ibara hii ina vifungu viwili vifupi. Cha kwanza kinasema, kwa tafsiri yangu, kwamba lugha rasmi ya Jumuiya itakuwa Kiingereza. Cha pili kinasema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hukitaja kifungu cha pili kwa fahari, hasa kila inapofika tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Mimi pia nilikitaja hivyo, mpaka siku nilipokisoma kama tunavyofundishwa kusoma sentensi yoyote: kwa kumtafuta mtenda.

Katika kifungu cha pili mtenda hayupo. "Kitaendelezwa" ni kitenzi cha kauli ya kutendwa. Kauli hiyo huturuhusu kumtaja mtenda kwa kutumia "na", kama tunaposema mtoto amefundishwa na mwalimu. Huturuhusu pia kumwacha. Hapa hatusomi "na Nchi Wanachama", wala "na Baraza la Mawaziri", wala "na Sekretarieti". Hatupewi muda wala kipimo cha kujua kwamba kazi imekwisha. Katika hadithi tungesema mwandishi amewaachia wasomaji nafasi ya kufikiri. Katika sheria, mtenda asiyetajwa ni mtu asiyeweza kudaiwa.

Najua jibu linaloweza kutolewa. Ibara ya 119 inazitaja Nchi Wanachama na Kiswahili pamoja. Ni kweli, lakini wajibu zinaopewa humo ni kukuza ushirikiano baina yao katika utamaduni na michezo, na ukuzaji wa lugha za kienyeji, hasa Kiswahili, ni mojawapo ya maeneo ya ushirikiano huo. Tena ipo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 2015. Kazi yake ni kuratibu na kuhamasisha. Haiwezi kuiambia serikali ya nchi fulani ibadilishe fomu zake.

Swali la mtenda lina uzito kwa sababu Mkataba huu si tamko la nia njema tu. Ibara ya 5 inalitaja Shirikisho la Kisiasa kuwa ndiyo hatua ya mwisho ya safari, baada ya Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja na Umoja wa Fedha. Ibara ya 8 inakwenda mbali zaidi: katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba, vyombo na sheria za Jumuiya vina nafasi ya juu kuliko vile vya nchi vinavyofanana navyo. Maana yake ni kwamba kanuni ya Arusha ikigongana na kanuni ya Bujumbura katika mambo hayo, ya Arusha ndiyo itakayosimama.

Jambo hilo limekwisha kutokea kwetu. Mwaka 2013 Burundi ilipitisha sheria ya vyombo vya habari. Umoja wa Waandishi wa Habari wa Burundi uliishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 15 Mei 2015 Mahakama ikaamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ile, kikiwemo kile kilichohusu kufichua vyanzo vya habari, vilikiuka misingi ya Mkataba. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kesi ile. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ilisikilizika kwa sababu ibara zilizotegemewa, ya 6 na ya 7, zinazitaja Nchi Wanachama na kuzifunga kwa misingi ya demokrasia na utawala wa sheria. Tukumbuke pia kwamba, kwa mujibu wa ibara ya 46, lugha rasmi ya Mahakama hiyo ni Kiingereza. Waandishi wanaotangaza kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili walikwenda kudai haki kwa lugha ambayo wasikilizaji wao wengi hawaifahamu.

Sasa tujaribu kuipeleka ibara ya 137 mahakamani kwa njia hiyohiyo. Burundi iliingia katika Jumuiya tarehe 1 Julai 2007. Mwaka 2014 ilipitisha sheria kuhusu hadhi ya lugha, na lugha rasmi zikawa tatu: Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hakimo katika hizo tatu, ingawa kinafundishwa shuleni na sisi tunakisomea chuoni. Je, sheria hiyo inapingana na Mkataba? Ukisoma kifungu cha pili, jibu ni hapana. Kifungu hakikuiamuru Burundi kufanya lolote. Ndiyo maana kila nchi imekwenda njia yake bila kukosea. Kenya ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi katika Katiba ya 2010. Rwanda ilikifanya rasmi mwaka 2017. Uganda ilikitaja katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, ila kitumike kama Bunge litakavyoelekeza. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kuambiwa imevunja ibara ya 137, wala kuambiwa imeitimiza.

Tunapozungumzia mgongano wa sheria, huwa tunafikiria sheria mbili zinazovutana, kila moja ikitaka kutawala. Mgongano ninaouona hapa ni wa namna nyingine. Sheria ya juu imeliacha jambo kwa adabu, ikidhani nchi zitalichukua. Sheria ya nchi imeliacha pia, maana kuna Jumuiya. Kiswahili kimebaki katikati, na watu wanaokitumia wamebaki nacho hapo.

Watu hao si wa kufikirika. Shangazi yangu anaishi Buyenzi na huleta vyombo vya plastiki kutoka Tanzania. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo kama yeye: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa na bidhaa za Jumuiya zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, haulipiwi ushuru wa forodha. Ni haki yake, na ameipata kutoka katika sheria ya juu. Siku moja alinionyesha karatasi aliyopewa mpakani akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanasema nini?" Ilikuwa ya Kiingereza. Alikuwa amepatana bei kwa Kiswahili, amepanda basi kwa Kiswahili, ameongea na ofisa kwa Kiswahili, kisha akatia saini asichokielewa. Nilimfasiria. Aligundua kwamba safari mbili zilizopita angeweza kuomba cheti hicho, na hakuomba.

Buyenzi yenyewe ina historia ya kukaa kati ya sheria mbili. Enzi za Wabelgiji, mitaa kama Buyenzi na ule unaoitwa leo Bwiza ilihesabiwa kuwa vituo vilivyo nje ya mamlaka ya mila. Wakazi wake hawakuwa chini ya machifu kama watu wa milimani, na mji wa Wazungu haukuwa wao. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Naona kwamba nafasi ile ya kuwa "nje" imekifuata Kiswahili cha Bujumbura mpaka leo: kinasikika kila mahali sokoni, lakini ofisini hakina kiti.

Je, Mkataba ungeandikwa kwa Kiswahili, mgongano ungekwisha? Zamani ningejibu ndiyo. Mfano wa Tanzania umenifanya nibadili mawazo. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na leo zipo Katiba mbili, ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984, zote zikisomwa kwa Kiswahili. Katiba ya Muungano inaanza kwa kusema Tanzania ni nchi moja. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na kauli hiyo ikawaudhi wengi visiwani. Mwaka 2010 Zanzibar ilirekebisha Katiba yake kwa mara ya kumi, ikaandika kwamba Zanzibar ni nchi, tena ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Nchi moja yenye nchi mbili ndani yake: lugha moja imezaa kauli mbili zisizopatana.

Mhakiki wa lugha ataona mara moja kwamba tatizo limejificha ndani ya neno lenyewe. "Nchi" ni ardhi, ni makao ya watu, na ni dola pia. Toleo la Kiingereza la Katiba ya Muungano linatumia neno lenye maana ya dola, kwa hiyo msomaji wake haoni ugumu wote anaouona msomaji wa Kiswahili. Kirundi hutenganisha: "igihugu" ni nchi, na "Leta", neno lililotokana na Kifaransa, ni dola au serikali. Kiswahili nacho kina "dola", lakini waandishi wa Katiba hizo mbili walichagua "nchi", neno ambalo Mzanzibari hulitumia kwa mahali alipozaliwa.

Kwa hiyo lugha ya pamoja haikuondoa mgongano. Ilifanya kitu kingine ambacho sasa nakithamini zaidi: iliufanya uonekane. Mvuvi wa Pemba na mkulima wa Mbeya wanaweza kubishana kuhusu neno "nchi" kwa sababu wote wawili wanalijua. Wanaweza kuhesabu mambo ya Muungano, ambayo yalikuwa 11 mwaka 1964 na leo ni 22 katika orodha ya Katiba, na kuuliza ni nani aliyeyaongeza na kwa nini. Shangazi yangu hawezi kubishana na ibara ya 137. Kwake sheria ya Jumuiya ni kama mvua: ikinyesha analowa, isiponyesha anashukuru, lakini haulizi imetoka wapi.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili huipita haraka. Burundi ina bahati ya kuwa na lugha moja, Kirundi, inayosemwa na karibu kila raia. Mkulima wa Ruyigi au Ngozi asiyejua Kiswahili ana sababu ya kuogopa sheria ya juu itakayomletea lugha nyingine juu ya Kifaransa na Kiingereza ambazo tayari zinamtenga. Tena kwetu neno "Mswahili" mara nyingine hutumika kama tusi, kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Chuki hiyo haiondolewi kwa amri kutoka Arusha. Tukitaka ibara ya 8 itumike kukilazimisha Kiswahili katika kila ofisi ya tarafa, tutamfanyia mkulima huyo kile ambacho Kiingereza kimemfanyia shangazi yangu. Katika hili sheria ya nchi ina haki ya kukilinda Kirundi, na sisi tuna wajibu wa kukubali.

Njia ninayoiona ni kugawa mambo, kama Muungano ulivyojaribu kwa orodha yake. Mambo ya Burundi yabaki kwa lugha ambazo Burundi imechagua. Mambo ya Jumuiya, yanayomfikia raia kwa jina la Jumuiya, yamfikie kwa lugha ambayo Jumuiya imeahidi. Februari 2021 Wakuu wa Nchi walikubali kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nilifurahi, lakini naona hatari. "Itakuwa" kiliwatosha watumiaji wa Kiingereza kwa sababu ofisi zilikuwa tayari zinakitumia. Kiswahili kikipandishwa kutoka kifungu cha pili hadi cha kwanza bila kutajwa atakayefasiri, atakayechapa na atakayeajiri wakalimani, kitakuwa kimepata cheo bila kazi.

Mhakiki akikosoa sentensi anapaswa kuonyesha angeiandika vipi. Hii ndiyo yangu: "Kila Nchi Mwanachama itahakikisha kwamba fomu, tangazo na hukumu zote zinazotolewa kwa jina la Jumuiya zinapatikana kwa Kiswahili katika ofisi zake na katika mipaka yake." Si sentensi nzuri ya kusomwa jukwaani. Lakini ina mtenda, ina kitu cha kutendwa, na ina mahali. Mtu akifika mpakani asiikute fomu hiyo, atajua ni nani wa kumdai.