Kiswahili cha Programu za Simu na Kompyuta: Uhakiki Mfupi

Ni desturi ya uhakiki wetu kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii twaomba ruhusa ya wasomaji tuhakiki maandishi ya namna nyingine, yasiyo na mtunzi anayejulikana wala jalada, lakini ambayo wanafunzi wetu huyasoma kila siku kuliko kitabu chochote: maneno yaliyomo katika programu za simu na kompyuta. Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili huku Uganda, ambako wanafunzi wengi hujifunza lugha hii darasani, si nyumbani, maandishi hayo ni kitabu cha ziada, kiwe kizuri au kibaya.

Lililotusukuma kuandika ni jambo dogo. Katika darasa letu la jioni la watu wazima, mama mmoja muuza ndizi aliiweka simu yake katika Kiswahili ili ajizoeze. Baada ya majuma mawili aliirudisha katika Kiingereza, ingawa Kiingereza chake ni haba kuliko Kiswahili chake. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba Kiswahili cha simu sicho kile tunachomfundisha. Jibu hilo halikutupendeza, lakini tulipoichunguza simu yenyewe tuliona kwamba mama alikuwa na haki.

Haifai kuwalaumu watafsiri bila kwanza kuwashukuru. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kufanyia hesabu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na ikadhihirika kwamba lugha yetu yaweza kuibeba kazi hiyo. Tangu hapo yamepatikana maneno ya kujivunia. Neno pakua, kwa mfano, lilikwisha kuwa vinywani mwa watu: yeyote aliyewahi kupakua wali chunguni, au kuona shehena ikipakuliwa melini, hahitaji kuelezwa maana yake mpya. Kivinjari nacho, kutokana na kuvinjari, champa msomaji picha ya mtu anayezungukazunguka akitazama. Istilahi za namna hii zastahili sifa.

Kasoro ya kwanza tunayoiona ni kutopatana. Programu moja yamtaka mtu aandike nywila, ya pili yataka nenosiri, ya tatu yataka neno la siri. Kompyuta huitwa kompyuta hapa, tarakilishi pale, na wengine wamejaribu ngamizi. Wingi wa visawe ni utajiri kwa mshairi, lakini kwa mtu anayetafuta mlango wa kuingilia ni mtego. Hatudai kwamba neno moja ni tukufu kuliko jingine. Twadai kwamba programu iliyochagua neno ishikamane nalo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kasoro ya pili ni ya sarufi, na hapa walimu twahusika hasa. Mtengenezaji wa programu huandika sentensi yenye pengo, kisha mashine hulijaza. Kwa Kiingereza pengo hilo halileti taabu kubwa, maana neno la kuarifu kwamba kitu kimefutwa halibadiliki kiwe picha au wimbo. Kwa Kiswahili picha imefutwa, wimbo umefutwa, nyimbo zimefutwa. Mtafsiri aliyepewa neno moja tu, bila kuonyeshwa mahali litakapokaa, hana budi kubahatisha. Ndipo tunaposoma "wimbo imefutwa". Kosa hilo si la mtafsiri peke yake. Ni la aliyejenga sentensi akidhani kwamba lugha zote hazina ngeli.

Kasoro ya tatu ni ya saa. Programu ikimwandikia abiria kwamba basi litaondoka "saa 1:00 usiku", aelewe nini? Kwa hesabu ya Waswahili ni muda mfupi baada ya jua kutua; kwa hesabu ya mashine ni baada ya usiku wa manane. Tofauti ni saa 6 kamili, na basi halimngojei mtu. Kutafsiri maneno na kuziacha tarakimu zilivyo ni kutafsiri nusu. Ingeandikwa "19:00, yaani saa moja usiku", asingepotea mtu.

Ya nne ni maswali yenye utata. Mtu akitaka kuacha safari aliyoiagiza, huulizwa: "Je, una uhakika unataka kughairi?" Chini yake pana vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Anayebonyeza "Ghairi" ameghairi safari, au ameghairi kule kughairi? Utata huu ulizaliwa katika Kiingereza, na mtafsiri ameurithi kwa uaminifu usiofaa. Lingeulizwa tu, "Nifute safari yako?" na majibu yawe "Ndiyo, futa" na "Hapana, iache", hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejibu bila hofu.

Tiba ya kasoro hizi haitapatikana katika kamusi peke yake. Tukumbuke historia ya M-Pesa nchini Kenya. Majaribio yalipoanza mwaka 2005, huduma ilikusudiwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Waliosimamia majaribio waliwatazama watu na kugundua kwamba walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Basi huduma ilipofunguliwa rasmi Machi 2007, shabaha yake ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Hawakuwafundisha watu kutaka kile walichokipanga. Walikibadili walichokipanga kwa kuwafuata watu. Baadaye tena ilionekana kwamba watu wanakosea namba na pesa huenda kwa wasiowajua, ndipo mtumaji akawekewa njia ya kuliona jina la mpokeaji kabla ya pesa kuondoka. Jina moja tu kwenye kioo cha simu limewaokoa wengi kuliko maonyo marefu.

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtafsiri na mtengenezaji wa programu wanapaswa kumkabidhi mtumiaji simu, wampe kazi ya kufanya, kisha wakae kimya wakitazama anapokwama. Pale anaposita ndipo penye kosa, na kosa si lake.

Nasi walimu tusijiweke kando. Twaweza kuyaleta maandishi ya simu darasani yasahihishwe kama insha, tukayakusanya maneno yanayowakwaza wanafunzi, na kuyapeleka kwa wahusika pamoja na pendekezo lililo bora. Wengi wa wanaotengeneza programu hawana mwalimu wa Kiswahili karibu nao. Tusipojitokeza, mama muuza ndizi na wenziwe wataendelea kuamini kwamba Kiswahili ni lugha ya darasani tu, na kwamba mambo ya pesa na ya mashine yana lugha yake nyingine. Imani hiyo ikikomaa, masomo yetu yote ya ngeli hayataing'oa.